Wiki Tatu za Ugali

Mji wa Masasi umekaa chini ya vilima vya mawe makubwa, na jua likishayapasha mawe yale, joto hushuka hadi sokoni kana kwamba mtu amefungua tanuri. Karibu na soko hilo, katika kibaraza chenye cherehani mbili, Bibiana alikuwa amewashonea watu nguo kwa miaka ishirini na sita. Watu walimwita Mama Sophia. Alikuwa mcheshi, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na kazi ya mkono wake ilisifiwa hadi Newala.

Mwaka ule, ukungu ulianza kumtanda machoni. Kila asubuhi ilimbidi mumewe, Mwalimu Gasper, amtungie uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shuleni. Ndipo Bibiana alipokwenda hospitali, akaambiwa ana mtoto wa jicho, na tena sukari yake imepanda.

"Madaktari wa macho watakuja Septemba," Shakila, muuguzi wa kliniki ya sukari, alimweleza. "Lakini sukari yako leo ni kumi na nane, mama. Isiposhuka chini ya kumi, hawatakugusa."

Bibiana alihesabu miezi kwa vidole. Binti yake Sophia alikuwa amechumbiwa na Ambrosi, kijana wa Chilangala, na harusi ilipangwa Desemba. Bibiana alikuwa ameapa kwamba gauni la mwanawe halitashonwa na mkono mwingine.

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Daktari amekubali tujaribu chakula cha wanga kidogo sana. Ugali basi. Wali, mihogo, chapati na soda, basi. Utakula samaki, mayai, kuku, mboga za majani, nazi na parachichi. Vidonge usivipunguze kwa akili yako. Kila Jumatatu utakuja tupime, na daktari ndiye atakayeamua."

"Na korosho?"

"Nazo zina wanga. Punje chache tu."

Bibiana alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mtu wa Masasi asile ugali, asishibe korosho! Si useme tu nihame?"

Hata hivyo alipiga moyo konde, akaanza. Wiki ya kwanza ilikuwa chungu kama shubiri. Kichwa kilimgonga, miguu ikalegea kama mlenda, na harufu ya ugali wa jirani ikawa inamfuata hata kanisani. Gasper, kwa kumhurumia, alibeba sahani yake akawa anakula barazani. Majirani nao hawakukosa la kusema.

"Mama Sophia, unajikondesha ili uolewe pamoja na binti yako?"

"Naam," alijibu, "na mahari yangu nataka samaki!"

Polepole mwili ulizoea. Alijifunza kukipika kisamvu kwa nazi nzito kikamshibisha bila kitu kingine, na asubuhi akala mayai badala ya maandazi. Kipimo kilishuka hadi kumi na tatu, kisha kumi na moja. Daktari akampunguzia vidonge. Magauni yake akaanza kuyapunguza kiuno yeye mwenyewe, huku akiimba.

Mwezi wa Julai, Bibiana na mumewe walipanda Chilangala kuwatembelea wakwe zao. Mama Ambrosi aliwapokea kwa vigelegele. Alikuwa ametwanga makopa, ile mihogo mikavu, kwa mikono yake, akasonga ugali mweupe laini, akachinja jogoo, na pembeni akaweka sinia la ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa kwa jasho na kuchemshwa hadi iwe tamu.

Gasper alimnong'oneza mkewe, "Mwambie tu ukweli."

"Siku ya kwanza ukweni nikatae ugali wa mtu? Atasema namdharau!"

Akanawa, akamega tonge la kwanza kwa adabu. La pili halikuwa la adabu tena. Kinywa kilikumbuka kila kitu, na mkono ukakifuata kinywa. Bibiana alikula mpaka Mama Ambrosi akafurahi na kuongeza.

Aliporudi Masasi, aliona aibu kwenda kupima. "Nimekwishaharibu," alijiambia. Maji yakishamwagika hayazoleki, basi na anywe chai yenye sukari. Kesho yake akanunua maandazi, na keshokutwa akasonga ugali. Jumatatu tatu zikapita bila kukanyaga kliniki. Kiu ikarudi, ukungu ukazidi, hata siku moja akashona mkono wa sare ya mwanafunzi nje-ndani bila kujua.

Shakila alimkuta akiwa ameishika sare hiyo, macho yamemjaa machozi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja na kitenge changu. Na nimekuja kukutafuta wewe."

"Marahaba, mwanangu. Usinitafute. Nimeshindwa mimi, nimekula wiki tatu nzima."

Shakila aliiangalia ile sare. "Mshono ukienda upande, kitambaa unakitupa?"

"Nakitupaje? Nafumua palipokosewa, nashona upya."

"Haya, umejijibu mwenyewe. Miezi mitatu ile hukuila pamoja na ugali, mama. Bado ni yako. Twende tukapime."

Kipimo kilisema kumi na sita. Shakila hakumkaripia. Aliandika namba ile, akamwambia arudi Jumatatu.

Jioni hiyo Bibiana alimpigia simu Mama Ambrosi, akamweleza yote. Upande wa pili kikalipuka kicheko.

"Mkwe wangu! Na mimi nilivyokuongezea! Kwa nini hukusema? Jogoo alikuwepo, mboga ilikuwepo. Huo ugali ungeliwa na wanaume, wao hawabakizi kitu!"

Tangu siku hiyo, kila aliyeshuka kutoka Chilangala alimletea Bibiana kuku au fungu la majani ya muhogo. Haikuwa kwamba hakuteleza tena. Kwenye msiba mmoja alikula wali, na siku nyingine ndizi mbivu mbili zilimshinda nguvu. Lakini safari hii, mlo uliofuata alirudi kwenye samaki wake, na Jumatatu alikwenda kupima akiwa na aibu yake hivyo hivyo.

Septemba madaktari walipofika, sukari yake ilikuwa nane na nusu. Walimfanyia upasuaji. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona ni mvi kwenye ndevu za Gasper.

"Kumbe umezeeka hivi!" alisema, na wodi nzima ikacheka.

Desemba, Sophia aliingia kanisani akiwa na gauni lenye lulu mia mbili, zote zimedarizwa na mama yake.

Mwezi uliofuata, Bibiana alikuwa kliniki akisubiri zamu. Mzee mmoja, Mwalimu Anthony, mstaafu kutoka Chidya, aliketi kando yake akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameacha wanga mwezi mzima, kisha Krismasi ikamwangusha.

"Nataka kurudi nyumbani," alinong'ona. "Nitamwambia nini muuguzi? Wewe wanasema hukushindwa."

"Nani kasema?" Bibiana alishangaa. "Baba, mimi nilikula wiki tatu! Nilikula hadi ming'oko ikanijua jina."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. Jina lake lilipoitwa, alisita kidogo, akamtazama Bibiana, kisha akasimama, akaunyoosha mkono wake kwa Shakila achomwe kidole. Hakika, wahenga hawakukosea: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.