Tembo Alivyolikana Jina Lake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kugombana nao, Komba alikuwa mgema. Hupanda mnazi, akakata ncha ya kole changa, kile kikonyo cha maua ya mnazi, akaning'iniza kibuyu. Utomvu mtamu ukadondoka to, to, to. Kila asubuhi wanawe hunywa tembo hilo kabla halijachachuka, na ndicho chakula chao.

Siku moja akapita Tembo mwenyewe, pu, pu, pu.

"We Komba, hicho cha kibuyuni kinaitwaje?"

"Tembo, bwana."

"Na mimi naitwa nani?"

"Tembo, bwana."

"Basi ni changu. Duniani hakuna tembo ila mimi. Lete!"

Akalibugia lote, gu-gu-gu. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Watoto wa Komba wakalia njaa mpaka sauti zikawakauka, na baba yao roho ikamuuma kwelikweli. Ngumi za kumpiga Tembo hana, lakini ulimi anao.

Asubuhi iliyofuata akaazima kwa Kiboko chungu cha arusi, akakoka moto, akaalika majirani. Tembo alipofika, akanyakua kibuyu kwa mkonga kama kawaida yake.

"Shikamoo, Bwana Tembo," Komba akaamkia kwa adabu zote.

"Marahaba. Kuna karamu?"

"Tunapika asali. Tembo likichemshwa sana, huwa asali."

"Vizuri. Na tembo lenyewe liko wapi?"

"Si wewe? Ulisema duniani hakuna tembo ila wewe. Majirani, mshikeni miguu!"

Chungu kinatokota, bwata-bwata. Fisi akauliza kama mkonga huchelewa kuiva.

Tembo akarudi nyuma. "Ngojeni kwanza. Mimi... mimi si tembo."

"Kumbe nani?"

"Ndovu. Kwetu huniita Ndovu, muulizeni mama."

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!"

"Basi, Bwana Ndovu, hicho ulichoshika ni tembo, na tembo lina wenyewe. Nipe."

Akakitoa kibuyu, akaondoka bila hata kuaga. Watoto wa Komba wakanywa mpaka matumbo yakawa ndi! Ndiyo maana yule mkubwa ana majina mawili hadi leo. Ukimwita Tembo huitika, lakini kwanza hutazama kama kuna moto jikoni.

Adaiye utamu wa jina, asiukimbie moto wake.