Mfuko Uliofunikwa Blanketi

Mkulima mmoja wa huku kwetu bara, na tafadhali msimtafute humu kanisani, alipata mbolea ya ruzuku. Kaunti ilikuwa imesema kila mwenye shamba dogo apewe mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, bila malipo. Wenzake walishangilia. Yeye aliipeleka nyumbani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Zamani chama fulani cha ushirika kiliwahi kumpa mbegu za bure, na mavuno yalipofika zikakatwa kwenye malipo yake mpaka akarudi mikono mitupu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi akaiweka mifuko kando ya kitanda, akaifunika blanketi, asikate hata uzi.

"Baba watoto, mvua imeshuka," mkewe akamwambia. "Tunapanda na nini?"

"Na mbegu."

"Na ile mbolea?"

"Ile ina wenyewe. Siku wakija kuidai, waikute nzima."

Wakapanda hivyo hivyo. Mahindi yakaota, yakafika magotini, yakaanza kuwa manjano. Ng'ambo ya ua, ya jirani yalikuwa kijani mpaka yanakera. Na watoto wa mtu huyu walikula kutoka shamba lile moja tu. Kila jioni aliyatazama mahindi, moyo ukamuuma kwelikweli, kisha akaingia ndani kuhakikisha blanketi halijasogea. Mnacheka? Ngojeni.

Asubuhi moja afisa wa kilimo akasimamisha pikipiki langoni. Mkulima akatoka kifua mbele.

"Sijaigusa, bwana. Ingia uichukue yote."

Afisa akaingia, akafunua blanketi, akabonyeza mfuko kwa kidole. Unyevu wa sakafu ulikuwa umeugandisha, mgumu kama jiwe.

"Mzee, nani alikuambia nimefuata mbolea?"

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kuona mahindi."

Mzee akakaa kitandani. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja hofu. "Basi imeharibika?"

"Imeganda tu. Ya kupandia imetupita, iweke hadi msimu ujao, ila uiinue juu ya mbao. Ya kukuzia, wakati wake ndio huu. Tafuta kitu cha kupondea."

Mzee akatupia kinu jicho. "Si kwenye kinu changu," mkewe akasema. Wakaiponda uani kwa gogo, mume, mke na afisa aliyekunja suruali, na kabla jua halijawa kali kila shina lilikuwa limepata kijiko chake.

Sasa tuje kwetu sisi. Mungu ametupa msamaha bila malipo, nasi tumeufunika blanketi tukisubiri tudaiwe. Nani alituambia anakuja kuuchukua? Kwa wengine wetu umeshaganda kifuani, kwa sababu tuliupokea tukakataa kuwamwagia wenzetu. Je, tuutupe? Hapana. Mbolea iliyoganda bado ni mbolea. Inataka kupondwa, na kazi hiyo inachubua mikono, nami siwafichi.

Siku Bwana atakaposimama langoni hataulizia mfuko. Atatazama shamba. Na mahindi yetu, ndugu zangu, bado yako magotini.