Kisima cha Fukweni

Paukwa!
— Pakawa!
Mliokaa mbele?
— Tumetega masikio!
Mliokaa nyuma?
— Na sisi tumo!

Basi, hapo zamani palikuwa na wilaya ndogo ya pwani, ndogo hata jogoo akiwika huku, kule wanaamka. Vijiji vyake viwili, Fukweni na Mikokoni, na katikati yao kisima kimoja, hatua chache kutoka baharini. Aliyekitunza ni mjane wa Fukweni, Bi Mize.

Siku moja Liwali akaja kukata mipaka. Mwinyi Kambi, mkubwa wa Mikokoni, akamwahi.

"Kisima ni chetu!"

Bi Mize moyo ukamlipuka. Bila kisima kile, Fukweni nzima ingehama.

Mwinyi Kambi akaanza na historia. Babu yake alikichimba kisima, na babu wa babu yake akakijengea ukuta. Kabla hakijachimbwa, jamani! Akaingia kwenye jiografia: kilima kile, mlango wa mto ule, mikoko ile, vyote vyaelekea kwake. Akasema, akasema, akasema, mpaka koo la Liwali likakauka.

"Nawe mama, una ushahidi gani?"

"Sina, bwana. Ila naona una kiu. Mwenye kisima na akuchotee."

"Haswa!" akadakia Mwinyi Kambi.

Bi Mize akampa ndoo kubwa na kamba ndefu, kwa heshima zote. Mnacheka nini? Ngojeni!

Chubwi! Ndoo ikazama hadi chini. Akaivuta kwa maringo. Liwali akapiga funda moja. Ptuu!

"Chumvi tupu! Waninywesha bahari?"

Bi Mize akashika kata yake ya kifuu, akainama, akachota ya juujuu, polepole. Liwali akanywa. Akaongeza. Akaomba ya tatu.

"Hapa pwani, bwana, maji matamu hukaa juu, ya chumvi chini," akasema Bi Mize. "Anayechota kila siku anajua."

"Mpaka upite nyuma ya kisima," akaamua Liwali. "Ni cha Fukweni."

Bi Mize akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Mwinyi Kambi akageuka aende zake, kichwa chini.

"Mwinyi!" Bi Mize akamwita. "Wake zako waje kuchota kama kawaida. Wao wanajua, ungewauliza tu. Wewe ndiye usikisogelee kisima, utatutibulia maji."

Hadithi imetua hapo. Aliyecheka akacheke tena kwao, aliyesinzia amuulize jirani yake.