Tundu Kwenye Kibuyu cha Gaudensi

"Mkagua kibuyu haogelei."

Leo asubuhi Rogati alimrushia Editha maneno hayo pale ufukweni, nanyi mkacheka mpaka mkakaa chini. Kisha Editha akanifuata jikoni akaniuliza, "Bibi, huyo wa kwanza kukagua kibuyu alikuwa nani?" Ndiyo maana nimewaita. Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kaka yangu. Chanzo chake ni hiki.

Gaudensi hakuzaliwa hapa ziwani. Mimi nilikuwa na miaka minane, na baba yangu mzazi alishakufa, wakati mama yangu Osmunda alipoolewa na Mzee Ditrick Kapinga, mgane kutoka milimani. Alikuja na mwanawe mmoja tu, Gaudensi, mwenye miaka kumi na miwili. Siku ya kuondoka kwao, shangazi yake alimvuta pembeni akamwambia, "Unakwenda kwa mama wa kambo, na kwenye maji mengi. Usile kabla yake, wala usiingie majini kwa mkono wake." Hayo alinisimulia mwenyewe wiki ya kwanza, kama mtu anayenionya na mimi.

Na kweli hakula kabla yake. Ugali ukiletwa, alimega tonge akalishika mkononi, macho yakiwa kwenye mdomo wa mama. Mama akitafuna, naye anakula. Mama aliona. Tangu hapo akawa wa kwanza kumega.

Maji yalipotulia, mama alitupa kila mmoja kibuyu kikavu kilichozibwa mdomo kwa gunzi na nta. Mnajua kinavyofungwa: kifuani, kwa kitambaa kinachopita chini ya makwapa. Kibuyu kinakushikilia juu, wewe unapiga miguu. Mama alikuwa akifua nguo kwenye mawe, jicho moja likiwa kwetu.

Kila asubuhi, kabla ya kuingia majini, Gaudensi alikikagua kibuyu chake. Alikigonga kwa kidole, akakitega sikioni, akakizungusha juani. Wiki mbili kilikuwa kizima. Wiki ya tatu akakuta tundu karibu na kitako, dogo kama punje ya ulezi.

"Nani hushika vibuyu hivi?" akaniuliza.

"Mama."

"Basi."

Aliliziba kwa nta, akaacha kukitundika ukutani na vingine. Akawa anakilalia kama mto. Lakini siku moja alitumwa kuni, na aliporudi alikuta tundu la pili. Kingo zake zilikuwa nyeupe bado. Mtu alitumia mwiba.

Jumapili baada ya misa, watu wakiwa wamekaa kivulini nje ya kanisa, Gaudensi alikuja na kibuyu akakiweka miguuni pa baba yake.

"Baba, tazama. Na hili ni la pili."

Mzee Ditrick alikigeuza. Naye alikuwa mtu wa milimani, maji aliyajua ya kisimani tu. "Osmunda," akasema, "umetoboa wewe?"

"Nimetoboa mimi," mama akajibu.

Hapo wanawake watatu waliokuwa karibu wakacheka. Mzee mmoja naye akacheka, akageuzia uso pembeni. Gaudensi aliwatazama mmoja mmoja.

"Unaona, baba? Kijiji kizima kinajua."

Mama alitutazama sisi watoto tuliokuwa tumejazana pale. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, twende nyumbani nikueleze. Hapa siwezi. Twende faragha."

"Faragha ndiko watu wanakouawa," Gaudensi akasema.

Siwafichi, wajukuu zangu: tangu siku ile na mimi niliitazama mikono ya mama. Nilijiuliza mbona hakukana. Mtu asiye na kosa hukana. Jioni ile mezani tulikuwa wawili tuliosubiri mama amege kwanza, naye alipotuona sote wawili tumeshika matonge, alinawa mikono akaondoka bila kula.

Siku ya nne yake nilikuwa majini. Nilipiga miguu mpaka kwenye ule mwamba mweusi, nikageuka, nikarudi. Nikasikia vigelegele. Wanawake wote waliokuwa wakifua walikuwa wamesimama, na mama yangu katikati yao analia na kucheka. "Kifungue kibuyu!" wakaniita. Nikakifungua. Kilikuwa kizito. Kilikuwa kimejaa maji mpaka mdomoni, na karibu na kitako palikuwa na tundu la punje ya ulezi. Nilikuwa nimeogelea peke yangu, sijui tangu lini.

Ndivyo kina mama wa hapa walivyofundisha watoto wao, na mama zao kabla yao. Mtoto akishajua kupiga miguu, mama hutoboa kimya kimya. Maji huingia kidogo kidogo, mtoto asijue. Hakuambiwa yeyote ambaye hajaogelea, maana akijua ataogopa, na akiogopa atazama. Kwa hiyo mama asingeweza kueleza mbele yetu; Gaudensi peke yake ndiye aliyekuwa tayari kumvunjia mwiko huo.

Nilikimbia nyumbani nikiwa nimelowa. "Kaka! Kaka! Na changu kimetobolewa!"

Gaudensi alikichukua, akalitazama tundu, akanitazama mimi.

"Basi anataka kutuua wote wawili," akasema.

Nilimweleza. Wazee walimweleza baba, na baba akamweleza. Akajibu, "Ndivyo walivyokupangia useme." Unamjibu nini mtu kama huyo? Tundu alilikuta kweli. Hakulizua.

Hakuingia tena majini. Alikua, akawa fundi seremala mzuri, milango mingi ya hapa aliitengeneza yeye. Akitaka kwenda misheni ng'ambo ya ghuba, alipanda mlima na kuzunguka siku nzima, sisi tukivuka kwa mtumbwi asubuhi na kurudi mchana. Mama alimwita mwanangu, naye alimwita Mama Osmunda.

Gaudensi akiwa na miaka ishirini na sita, Mzee Ditrick akalazwa hospitali ya misheni, na ikaja habari kwamba hafiki jioni. Njia ya mlimani isingewahi. Gaudensi alisimama mbele ya mtumbwi, akaugonga gonga kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho, kama alivyokuwa akigonga kibuyu. Mama alimsubiri mpaka akamaliza. Tukapanda watatu.

Mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ulitukuta katikati. Wimbi la tatu likatupindua.

Mama alikuwa mtu mzima, lakini alimfikia kabla yangu. Alinyoosha mkono. "Gau, lala chali! Tulia, mwanangu, nakushika kidevu!"

Kaka yangu aliutazama ule mkono. Nilikuwa mbali hatua kumi tu, nilimwona. Aliutazama kama anayetafuta tundu. Kisha akaupiga teke.

Mama akamrudia. "Gau, ni mimi."

Akampiga teke tena, la kifuani, akazama. Mama akazama nyuma yake. Aliibuka na shati lake tu mkononi.

Baba alikufa jioni ileile. Hakuna aliyemwambia.

Matanga yalipokwisha, mama alikaa uani na vile vibuyu viwili vya zamani mapajani, changu na cha Gaudensi chenye nta ya kuziba. Jirani mmoja akasema, "Osmunda, usijitese. Alijiua kwa wasiwasi wake." Mama akagusa ile nta kwa kidole gumba, akasema polepole, "Mkagua kibuyu haogelei. Na mimi ndiye niliyempa cha kukagua."

Watu wakashika nusu ya kwanza. Nusu ya pili waliiacha palepale uani.

Ila mama hakuiacha. Watoto waliofuata aliwafundisha yeye mwenyewe, na hakumtobolea mtoto yeyote kimya kimya tena; nami nilijifunza kwake. Mnakumbuka, kila mmoja wenu, siku ile nilipomkalisha kwenye jiwe, nikampa kibuyu na mwiba, nikamwambia, "Toboa mwenyewe"? Editha alilia, akasema atazama. Rogati alitoboa matatu kwa ubishi. Wote mliogelea.

Kwa hiyo, Rogati, ukimwona mwenzio anasita ufukweni, usimrushie maneno yale kwa kicheko. Mpe mwiba kwanza. Akiushika, mkakaa naye majini mpaka kibuyu kijae, hapo mwambie taratibu, kama alivyosema mama yangu:

Mkagua kibuyu haogelei.