Ukaya wa Hariri Uliorukiwa na Cheche

Masikio yako wapi? Semeni, "Yapo!" Yako wazi au yamezibwa? Semeni, "Yako wazi!" Haya, kaeni vizuri. Na wewe Fumo toa kidole puani, huko hakuna hadithi.

Ni zamani hizo. Zamani ambazo bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, na huyo naye akasema ni zamani. Palikuwa na mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, mji wa watu wa kujisikia. Waliringia mapishi yao, waliringia milango yao, lakini zaidi ya yote waliringia ukaya wao. Hamjui ukaya? Mtaujulia wapi nyinyi. Ni kitambaa chembamba cha mwanamke cha kufunika kichwa, kinashuka mpaka mgongoni. Huo wa mji ule ulikuwa wa hariri nyeupe, mwepesi, ukiupulizia unaondoka. Ulikuwa mmoja tu kwa mji mzima. Kila bibi harusi alitolewa nje amefunikwa huo huo, wanawake wote wakimtazama.

Na sharti lilikuwa moja: usiwe na dosari. Ukionekana na tundu kichwani mwa bibi harusi, hapo hapo anarudishwa ndani, ndoa imevunjika, na hakuna mwanamume atakayemposa tena. Nuksi, walisema. Msiniulize nuksi inaingiaje kwenye tundu. Ndivyo walivyosema.

Mtunza ukaya alikuwa Mwana Nunu, mwanamke wa nyumba kubwa, pua juu kama anayenusa mvua. Huwapa jamaa za bibi harusi waufukize udi, na kesho yake huja mwenyewe kuukagua mbele za watu.

Sasa alikuwapo Mize, mshona kofia. Wazazi wamekufa, amebaki na mdogo wake, Kibibi, aliyemlea tangu hajui kujifunga nguo. Kibibi akaposwa na mfua fedha, kijana mpole. Ukaya ukaletwa kwa Mize ufukizwe.

Sikilizeni upumbavu wa Mize. Kufukiza nguo ni kazi ya kusubiri. Unaweka makaa kwenye chetezo, unatia udi, unafunika tenga juu yake, unatandaza nguo juu ya tenga, unakaa kimya. Basi. Lakini Mize alitaka mdogo wake anukie kuliko bibi harusi yeyote aliyewahi kutolewa mji ule. Akachukua marashi, akayanyunyizia makaa. Nani hapa hajui maji yakikuta kaa la moto linafanya nini? Pa! Cheche ikaruka, ikapenya tenga, ikatua kwenye hariri.

Hariri haiwaki, inajikunja tu na kunuka nywele zilizoungua. Mize alipoinua ukaya, tundu! Dogo, kama punje ya mtama, ukingo mweusi, na liko pale pale panapokaa juu ya paji la uso.

Kibibi akapiga yowe. Jirani yao Bi Tausi akaja mbio. Huyo alikuwa mtu wa kuja mbio kwa kila yowe.

"Bandikeni ua la asumini," akasema. "Nani atajua?"

"Mwana Nunu atalibandua," akasema Mize.

"Basi semeni panya."

"Panya ana meno ya moto, Bi Tausi?"

"Basi mimi sijui, mwanangu. Mimi naona aibu imefika mlangoni, inavua viatu iingie."

"Dada, nimekwisha mimi," Kibibi akalia.

"Hujaisha. Nyamaza, unanidondoshea machozi kwenye hariri."

Mize akajaribu kuliziba kwa uzi. Likawa kama kovu la ndui. Akafumua. Akakaa akilitazama, lenyewe likimtazama. Kisha akatazama kofia aliyokuwa akiishona. Mmeziona kofia hizo: kitambaa kinatobolewa vitundu, kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kinakuwa kama jicho, na macho yakipangwa yanakuwa ua.

Akachukua sindano. Ule weusi hakuukata, maana tundu lingekuwa kubwa. Aliukunja ndani, akauzungushia uzi mweupe, tundu likawa jicho. Lakini jicho moja katikati ya paji la uso! Hilo ni tundu lile lile, limevishwa nguo tu. Basi Mize akashika hariri nzima, isiyo na kosa lolote, akaielekezea ncha ya sindano.

"Dada! Unafanya nini?"

"Natoboa."

"Unatoboa ukaya wa mji?"

"Umeshatoboka. Sogea, unaniziba mwanga."

Bi Tausi akajifunika uso. Mize akatoboa, akashona. Akatoboa, akashona. Mgongo ukauma, akashona. Kidole kikatoka damu, akakifunga kitambaa isije ikadondoka, akashona. Kibibi akaleta chakula, kikapoa, akashona. Mpaka kesho yake jua la utosi, ukaya wote ulikuwa umejaa maua.

Alasiri wanawake wakajaa ukumbini. Kibibi yuko kitini, ukaya kichwani, ngoma inapigwa. Mwana Nunu akaingia, akasimama. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Nani ametoboa ukaya wangu?"

Bi Tausi alikuwa amejificha nyuma ya nguzo. Mwili ule mnene, nguzo ile nyembamba!

"Mimi, Mwana," akasema Mize. "Tundu moja limetobolewa na cheche, na cheche niliirusha mimi kwa ujinga wangu. Yaliyobaki nimetoboa kwa sindano. Hayo ni maua, si dosari."

"Dosari imo."

"Imo wapi, Mwana?"

Mwana Nunu akainama. Akatazama. Akapapasa kwa kucha. Akanusa, na kote ni udi. Angesema tu hajui, yaishe. Lakini mwenye pua ile hasemi hajui. Akaweka kidole: "Hili hapa! Lifumue, watu wauone weusi."

"Na nikilifumua, likawa la sindano?"

"Nimesema fumua!"

Kibibi akafumba macho. Mize akaukata uzi, akauvuta, duru baada ya duru. Uzi ukaisha.

Hariri ilikuwa nyeupe pee.

Sasa tundu liko wazi kichwani mwa bibi harusi. Kikongwe mmoja akauliza kutoka nyuma, "Jamani, hilo tundu kaliagiza nani?"

"Mwana Nunu!"

"Basi nuksi ni ya nani?"

Vicheko vikaanza kuvuja chini ya kanga.

"Nifumue na lingine, Mwana?" akasema Mize. "Yapo mengi. Tutafumua mpaka tulipate, na ukaya utakuwa wavu wa dagaa."

Mwana Nunu akalitazama tundu lake. "Lishone," akasema.

"Sikusikia, Mwana."

"Lishone, we mwanamke!"

"Hariri inalegea. Nishikie ncha hiyo. Vuta. Si hivyo, taratibu."

Na Mwana Nunu akashika, akavuta taratibu, wanawake wa mji mzima wakimtazama, mpaka jicho lile likafungwa. Ngoma ikalia. Kibibi akatolewa nje, akaolewa, akazaa watoto wenye kelele kama nyinyi.

Tangu hapo hakuna bibi harusi wa mji ule aliyekubali kufunikwa hariri tupu.

Mafunzo ni haya, nayasema mara moja. Ukiharibu kitu, sema umeharibu. Kisha tengeneza, na ukianza usiishie njiani kwa kuogopa. Kulia si vibaya, ila lia huku mikono inafanya kazi.

Unauliza nini, wewe Mwaka? Jicho la moto lilikuwa lipi? Kibibi alimuuliza dada yake mpaka wamezeeka, hakuambiwa. Wewe ni nani uambiwe?

Kisa kimefika kwake, kimeingia, kimejifungia mlango. Inukeni, mitungi haina maji.