Mkanda wa Kumwonyesha Askari

— Hadithi ipande?
— Ipande.
— Ikae wapi?
— Ikae mbele.
— Imefunga mkanda?
— Aa, wewe twende tu.

Haya, twende. Hapo kale, kale ya juzijuzi, Fisi alitimiza miaka kumi na minane, akapata leseni, akaazima pikapu ya baba yake. Kuazima kwenyewe, baba alikuwa amelala. Njiani akamkuta Bi Kindi na kikapu cha karanga.

"Shangazi, panda nikufikishe."

Bi Kindi akapanda. Mlango ukajifunga, ko. Akatazama: kwa ndani hauna kitasa. Akavuta mkanda, akajizungusha mara mbili pamoja na kikapu chake, akauchomeka, ka.

Fisi akacheka hadi usukani ukatetemeka. "Umejifunga kama mzigo wa kuni. Mimi ukinibana tumbo, chakula kitapita wapi?"

Gari likaenda, vuruuu. Mbele kuna askari. Fisi akakanyaga breki, kriii, akaunyakua mkanda, akautandaza kifuani bila kuuchomeka. "Shikamoo, afande." Walipompita, mkanda akauachia, fyatu.

Vuruuu. Askari wa pili. Kriii. Mkanda kifuani. "Shikamoo, afande." Fyatu.

"Mbona huuchomeki, mwanangu?"

"Mkanda ni wa askari, shangazi. Askari hayupo, wa nini?" Akajilamba. "Na yule ndiye wa mwisho. Tukifika bwawani naegesha, nakutafuna. Wewe kwanza, karanga baadaye."

Bi Kindi akatafuta pa kutokea. Mlango hauna kitasa, kioo cha dirisha kimepandishwa. Akautazama mkanda wa Fisi unavyoning'inia.

"Sawa, mwanangu. Kuliwa na dereva mwenye leseni ni heshima. Lakini kwa mwendo huu wa konokono nitachacha kabla hatujafika."

"Konokono, mimi?" Fisi akakanyaga mafuta. Vuruuuuuu. Bwawa hilo hapo.

"Askari yule, mwanangu."

Mguu kwenye breki, mikono yote miwili kwenye mkanda. Kriii. Gari likasimama. Fisi hakusimama. Akapita na kioo cha mbele kizimakizima, akapaa juu ya matete, akatua bwawani, chubwi. Vyura wakahama.

Bi Kindi hakumwaga hata karanga moja. Akajifungua, akatokea pale kilipokuwa kioo, huyo akashika njia.

Kumbe bwawani alikuwamo askari kweli: Kiboko, yuko likizo, anaoga.

"Kijana, mkanda umefunga?"

"Nimefunga, afande."

"Gari liko wapi?"

"Kule."

"Na wewe?"

"Huku, afande."

Kiboko akamkalia hadi baba yake alipoamka.

Fundisho, na mlishike: mkanda hauna faida. Bi Kindi aliyeufunga alibaki kitini tu, hakuona kitu. Fisi asiyeufunga alipaa bure, akaogeshwa, akapokewa na askari.

— Hadithi ishuke?
— Subiri, inafungua mkanda.