Kompyuta Aliyoileta Mjomba

Mkakasi ni kikopo cha mti kilichotiwa nakshi kwa nje na kung'arishwa hadi anayekiona adhani kimebeba lulu. Anayekifungua ndiye ajuaye. Wengi wameumia kwa kuusifu mkakasi bila kuufunua, na mmoja wao ni kijana ambaye wenzake walimbandika jina la Breki kwa mzaha, kwa kuwa katika michezo ya magari ya kwenye kompyuta hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga breki.

Breki alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha mikate. Kutwa alibeba trei za moto, jioni alikwenda kwa rafiki yake kuazima kompyuta na kukimbiza magari. Alishinda mchujo huu na ule, hadi akaingia fainali. Mshindi angeajiriwa na timu inayowalipa wachezaji mshahara. Sharti la fainali lilikuwa moja tu: kila mshindani acheze akiwa kwake, kwa mashine yake mwenyewe.

Dada yake, fundi cherehani, hakungoja kuombwa. "Chukua akiba yangu ya cherehani mpya," alimwambia. "Hii kuukuu bado inashona."

Breki aliinamisha kichwa. Alijua jinsi cherehani ile ilivyokwama kila pindo.

Walikwenda dukani pamoja. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwaonyesha kompyuta nyeusi isiyo na pambo lolote. Aliufungua ubavu wake kwa bisibisi ili waone kila kilichomo.

"Sura haina," alisema, "lakini mchezo wenu inaumudu. Mkitaka mataa, mtapunguza nguvu. Kwa bajeti hii hampati vyote viwili."

Breki aliridhika. Wakaahidi kurudi kesho yake kuichukua.

Jioni hiyo mjomba wao aliwatembelea. Tangu baba yao afariki, mjomba ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Ndiye aliyesimama kaburini akatamka mbele ya watu kwamba watoto wale sasa ni wake. Ndiye pia aliyeshika hati za marehemu, na ndiye aliyewaambia kwamba nyumba yake imechukuliwa na benki. Alikuwa mtanashati wa kupigiwa mfano. Suti ilimkaa kama aliyezaliwa nayo, na ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni. Aliposikia habari ya kompyuta, alicheka hadi akajifuta machozi.

"Wapwa zangu wanunue sanduku la misumari na mimi ningali hai? Nina rafiki anayeagiza mashine za maana. Nipeni hizo fedha, mengine niachieni mimi."

"Mjomba, ningependa kwanza kuiona ndani," alisema Breki.

Mama yao alimkata jicho. "Mjomba wako ndiye wa kukaguliwa?"

Fedha zikatolewa.

Kompyuta ilipofika, hata majirani walikuja kuchungulia. Ubavu wake ulikuwa wa kioo, na ndani feni zilizunguka katika taa za zambarau na kijani. Sebule ikawa kama ukumbi wa harusi. Mama aliitandikia kitambaa chake bora. Mjomba alionyesha kibandiko kidogo kilichofunika skrubu. "Hiki kikichanika, dhamana imekufa. Asiiguse mtu."

Lakini mchezo ulikwenda kwa kusitasita, kama mzee anayepanda ngazi. Breki alipompigia mjomba simu, aliambiwa, "Mashine mpya ni kama kiatu kipya, mpwa wangu. Ipe muda." Aibu ya kumshuku mtu aliyemlea ilimfunga mdomo. Alipunguza ubora wa picha hadi magari yakafanana na vibiriti, akaendelea na mazoezi.

Siku ya fainali mama na dada walikaa kwenye kochi nyuma yake. Breki alianza nyuma, akapenya katikati ya magari mawili, akampita kinara kwenye kona kali. Dada aliuma ncha ya kanga ili asipige kelele. Mstari wa mwisho ulikuwa umeshaonekana pale picha ilipoganda. Skrini ikawa nyeusi. Harufu ya waya unaoungua ikajaa chumbani, na moshi ukaanza kupita kwenye matundu. Dada aliruka akachomoa plagi ukutani.

Breki alichukua bisibisi, akachana kibandiko. Safari hii mama hakumzuia.

Alitoa kile alichodhani ni kadi ya picha, kile kifaa cha bei kubwa kinachochora mchezo kwenye skrini. Feni zake zilikuwa zimepigiliwa juu ya kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi. Hapakuwa na kingine. Nyuma ya plastiki ya kupambia ndiko ulikojificha mtambo mkuukuu wa kompyuta ya ofisini, umejaa vumbi, nyaya zake zimeyeyuka.

Dada aliugeuza ubao, akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. "Ni mti," alisema polepole. "Ni mti tu."

Mama alishika kifua. "Masikini kaka yangu, huyo rafiki yake kamtapeli. Twendeni tukamwambie kabla hajaumbuka kwa wengine."

Walimkuta mjomba sebuleni kwake akinywa chai. Mama aliuweka ubao mezani na kuanza kumpa pole. Mjomba aliutazama, wala hakushtuka. Alirudisha kikombe kwenye kisahani, akamgeukia Breki kwa hasira.

"Nani alikuambia ufungue?"

Mkono wa mama, uliokuwa umenyooshwa kumshika kaka yake bega, ulibaki hewani.

"Kaka," mama alisema kwa sauti ambayo wanawe hawakuwahi kuisikia, "ulijua?"

"Nilikuwa na shida zangu. Mtoto kapata mataa, kafurahi. Mngeiacha ilivyo, nani angejua?"

Mama alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha likamjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria.

"Na ile nyumba ya baba yao, uliyosema benki imeichukua?"

Mjomba aliinua kikombe, akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Nafasi ya Breki ilikwenda kwa mwingine. Yeye na dada yake walianza kudunduliza upya kwa ajili ya ile kompyuta nyeusi, naye mama alikwenda kuulizia ile nyumba. Benki haikuwahi kuigusa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeiuza. Shauri liko mahakamani hadi sasa, na kila mjomba anapopita kuelekea huko, wasiomjua humwamkia kwa adabu na kusifia suti zake. Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.